Picha Isiyochelewa

Tuseme mwalimu wa kemia kule Ulemo, mkoani Singida, anadondosha asidi kutoka bureti katika alkali yenye fenolfthalini, mbele ya kamera ya kompyuta. Wanafunzi wa chumba cha pili hutazama kwa kompyuta nyingine iliyounganishwa kwa waya, ndio watakaosema "Simama!" waridi itakapotoweka. Picha ikichelewa sekunde mbili, asidi imekwisha kuzidi na hesabu imeharibika.

Je, picha huchelewa wapi? Si njiani. Ishara hupita katika waya kama kilometa 200,000 kwa sekunde. Kinachochelewesha ni kungoja: programu hukusanya picha kadha ili izibane, na mpokeaji huziweka akiba ili zisikatike.

FFmpeg, programu iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000, huendeshwa kwa amri za kuandikwa. Kwa mtumaji, "-tune zerolatency" hukataza kungoja picha zijazo. Kwa mpokeaji, "-fflags nobuffer" hupunguza akiba. Gharama yake ni picha kukwama mara kwa mara.

Upimeni wenyewe ucheleweshaji huo: wekeni saa ya sekunde mbele ya kamera, kisha pigeni picha moja yenye saa hiyo pamoja na kioo cha mpokeaji. Tofauti ya nyakati hizo mbili ndiyo jibu.