Je, Wajua? Mpangaji, Mkusanya Kodi na Boti Yenye Jiko

Je, wajua kwamba nchini Marekani boti inaweza kumpunguzia mwenyewe kodi ya mapato? Iwe tu na mahali pa kulala, jiko na choo. Ikitimiza hayo, sheria huihesabu kuwa makazi, na riba ya mkopo ulioinunua inaweza kutolewa kwenye mapato yanayotozwa kodi, sawasawa na riba ya mkopo wa nyumba. Mpangaji je? Pango analolipa kila mwezi halimpunguzii kodi ya serikali kuu hata senti moja.

Nafuu hiyo ya riba ilizaliwa pamoja na kodi ya mapato ya sasa, mwaka 1913, na wala haikuwalenga wenye nyumba: siku hizo riba za kila aina zilisamehewa. Mwaka 1986 Bunge likafuta nafuu kwa mikopo ya magari na ya kadi, likaigusa ya nyumba kwa mkono laini.

Je, wajua kwamba sheria hiyohiyo ya 1986, iliyosainiwa na Rais Ronald Reagan, ndiyo iliyoleta mpango mkubwa kuliko yote wa kujenga nyumba mpya za wapangaji wa kipato cha chini? Tena hauendeshwi na Wizara ya Nyumba. Umo mikononi mwa mamlaka ya kodi! Kila jimbo hupewa fungu la nafuu za kodi kulingana na idadi ya watu wake, na jimbo huwagawia wajenzi. Mjenzi hahitaji nafuu, anataka fedha taslimu. Basi huwauzia wawekezaji, hasa benki, nao hupunguziwa kodi kwa miaka 10. Fedha za mauzo hujenga jengo, deni linakuwa dogo, na pango linaweza kushushwa. Zaidi ya nyumba milioni 3 zimepatikana kwa njia hii. Wanasiasa wa pande zote mbili huipenda, na sababu haifichiki: kodi isiyokusanywa haionekani kwenye bajeti kama fedha iliyotumika.

Lakini pango hilo "nafuu" hukokotolewa kwa kipato cha eneo, si cha mpangaji. Tuseme kipato cha kati cha familia mahali fulani ni dola 80,000 kwa mwaka. Asilimia 60 yake ni 48,000, na asilimia 30 ya hizo ni 14,400, yaani dola 1,200 kwa mwezi. Huo ndio ukomo. Mtu anayepata dola 24,000 kwa mwaka akipanga humo kwa bei hiyo, asilimia 60 ya kipato chake imekwisha kabla hajanunua mkate. Ndiyo maana wapangaji wengi wa majengo haya huhitaji pia vocha ya serikali ya kusaidia pango.

Vocha, iliyotokana na sheria ya 1974, hutazama mfuko wa mpangaji mwenyewe: kwa kawaida hulipa asilimia 30 ya kipato chake, serikali ikajazia. Kiwango hicho kina historia. Mwaka 1969 Seneta Edward Brooke wa Massachusetts, Mweusi wa kwanza kuingia Seneti kwa kura za wananchi, alifanikisha sheria ya kuzuia pango la nyumba za umma lisizidi asilimia 25 ya kipato. Enzi ya Reagan ikapandisha hadi 30.

Je, wajua kwamba kati ya kaya nne zinazostahili msaada wa pango, ni moja hivi inayoupata? Msaada wa chakula hupewa kila anayetimiza masharti. Wa nyumba hutegemea fedha zilizotengwa mwaka huo. Zikiisha, ni foleni ya miaka, na miji mingine hupiga bahati nasibu. Aliyebahatika naye hupewa muda wa kutafuta nyumba, kwa kuanzia usiopungua siku 60, na sehemu nyingi mwenye nyumba anaruhusiwa kuikataa vocha. Muda ukiisha bila nyumba, vocha hurudi ofisini.

Mwenye boti hapangi foleni. Anajaza fomu tu.

Halafu kuna nyumba za umma zenyewe. Sheria ya 1998, katika kipengele chenye jina la Seneta Lauch Faircloth, huzuia fedha za serikali kuu kuongeza idadi yake kupita ile iliyokuwapo tarehe 1 Oktoba 1999. Mamlaka ya mji ikitaka kujenga zaidi ya hapo, itafute fedha kwingine.