Rangi ya Kahawia Inayochagua Dawa ya Saratani ya Titi

Mama wa mji wa Mwingi na mama wa mji wa Wote wanaweza kuwa na uvimbe wa ukubwa uleule kwenye titi, mmoja akapewa vidonge vya tamoksifeni ameze kwa miaka mitano au zaidi, mwenzake akaanzishiwa tibakemikali. Siri imo kwenye kile kinyama alichotolewa kila mmoja kwa sindano.

Maabara hukigandisha kinyama ndani ya nta na kukikata chembamba kuliko unywele. Hematoksilini hupaka viini vya seli zambarau; eosini hufanya sehemu nyingine kuwa waridi. Kwenye hadubini, mwanapatholojia huangalia kama seli bado zinajipanga kuunda vijifereji, viini vimeharibika umbo kiasi gani, na seli ngapi zinagawanyika. Kila jambo lina alama 1 hadi 3. Jumla ikifika 8 au 9, hilo ni daraja la tatu, lenye ukali kuliko yote.

Lakini ukali peke yake hauchagui dawa. Hapo huletwa kingamwili zinazonasa vipokezi vya estrojeni (ER) na projesteroni (PR), na viini vyenye vipokezi hivyo hugeuka kahawia. Asilimia 1 tu ya seli za saratani zikishika rangi, jibu ni chanya, ingawa chanya hafifu. Kipokezi cha tatu, HER2, hukaa kwenye utando wa nje wa seli: seli nyingi zikivaa pete nzito ya kahawia, isiyokatika, alama ni 3+, na trastuzumabu ndiyo dawa yake. Vyote vitatu vikikosekana, saratani huitwa hasi-tatu, na vidonge vya kuzuia homoni kama tamoksifeni havifui dafu.

Ilizoeleka kusemwa kwamba saratani ya Waafrika haina vipokezi. Mwaka 2014, Dkt. Shahin Sayed wa Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, na wenzake walichapisha utafiti wa sampuli kutoka hospitali mbalimbali za Kenya: karibu robo tatu zilikuwa na kipokezi cha estrojeni, na hasi-tatu ilikuwa takriban moja kwa tano.

Nashuku baadhi ya majibu hasi ya zamani yalitokana na uzembe, si ugonjwa. Kinyama chapaswa kuingia kwenye formalini ndani ya saa moja, kikae humo saa 6 hadi 72. Kilichotolewa Ijumaa Kitui kikangoja gari la Nairobi hadi Jumatano kimeshapitiliza, na rangi yaweza kugoma. Kwa hiyo fomu ya maabara iandikwe saa kilipokatwa na saa kilipotiwa formalini. Naye mgonjwa aliyepewa karatasi inayosema tu “saratani”, bila ER, PR na HER2, aulizie majibu hayo kabla dawa haijaanza.