Sumu Isiyo na Haraka

Kopo la sukari limefunikwa, limepandishwa juu ya kabati, na miguu ya kabati imesimamishwa ndani ya vikopo vya maji. Asubuhi sisimizi wamo. Wamepita ukutani, nyuma ya waya wa umeme, wakashuka hadi kwenye kopo kama watu waliopewa ramani. Kinachofuata kinajulikana kwenye nyumba nyingi za Dar es Salaam na Mombasa: dawa ya kupuliza inatolewa uvunguni, msururu unapigwa dawa, maiti zinafagiliwa, na chai inanyweka kwa amani. Baada ya siku chache msururu umerudi, na safari hii ni miwili.

Dawa haikuwa mbovu. Ilichofanya ni kuua haraka mno.

Dawa nyingi za kupuliza zina pareto au jamaa zake wanaotengenezwa viwandani. Pareto, maua yanayolimwa nyanda za juu za Kenya na Tanzania, ina sifa ya kumwangusha mdudu papo hapo, na kwa mbu hiyo ni sifa njema. Lakini sisimizi wanaoonekana jikoni ni sehemu ndogo tu ya kundi, wale waliotumwa sokoni. Malkia yuko ndani, kwenye ufa wa ukuta au chini ya sakafu, anataga mayai na hatoki. Kuua wachuuzi mlangoni hakumfikii. Chaki ya kuulia wadudu inayouzwa na machinga ina kasoro hiyo hiyo, na juu yake ina hatari ya kufanana mno na chaki ya shule mkononi mwa mtoto.

Chambo, yaani chakula kilichotiwa sumu, kinapita njia nyingine, kupitia tumboni. Sisimizi mtenda kazi ana matumbo mawili: moja lake mwenyewe, na jingine, lililotangulia mbele, ni kama mtungi wa ukoo. Anachokunywa hukaa kwanza kwenye mtungi, naye akifika nyumbani hukitapika tone kwa tone kinywani mwa wenzake, nao huwapa wengine, mpaka kinamfikia malkia na mabuu. Sisimizi mzima hawezi kumeza chembe ngumu. Hunywa vya majimaji tu. Ndiyo maana punje za sumu kavu zilizomwagwa kona ya jiko mara nyingi huachwa zilipo.

Kwa hiyo sumu ya chambo lazima iwe na subira. Ikimuua mbebaji njiani, mtungi haujafika. Ikiwa kali, wanaonja na kuondoka. Katika miaka ya 1990 mtafiti wa Marekani John Klotz na wenzake walionyesha kwamba asidi ya boriki ya asilimia 1 au chini ya hapo, ndani ya maji ya sukari, inatosha kuua taratibu bila kuwafukuza walaji. Kwa mwenye jiko hilo ni gumu kukubali, maana mkono huwa mwepesi kuongeza kijiko cha pili. Kijiko hicho cha pili ndicho kinachoharibu kazi.

Asidi ya boriki ni poda nyeupe inayojulikana kwa wacheza keram, wanaoinyunyiza ubaoni ili kete ziteleze. Kijiko kimoja cha chai, cha kusawazisha, kwenye nusu lita ya maji ya vuguvugu pamoja na vijiko vinne vya mezani vya sukari, kinakaribia kipimo hicho. Pamba iliyolowa ndani ya kizibo cha soda, ikiwekwa kando ya msururu, inatosha. Msururu wenyewe usifutwe kwanza kwa sabuni. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mtaalamu wa sisimizi Edward O. Wilson alichukua tezi ndogo kutoka kwenye tumbo la sisimizi wa moto, akachora nayo mstari, na sisimizi wakatoka kuufuata mstari ule. Anayeosha njia hiyo ya harufu anakifungia chambo chake barabara.

Halafu wanakuja. Wanapanga vichwa kuzunguka pamba kama ng'ombe kwenye lambo, matumbo yanavimba mpaka mistari myeupe inaonekana kati ya magamba. Badala ya kupungua wanaongezeka, na jioni ya kwanza kaunta ina sisimizi wengi kuliko siku yoyote. Hapo ndipo wengi hushindwa, wakaivuta ile dawa ya kupuliza. Anayevumilia, akabadilisha pamba kila inapokauka, kwa kawaida huanza kuona msururu ukikonda ndani ya siku kadhaa. Kundi zima linaweza kuhitaji wiki kadhaa.

Yupo mmoja ambaye kumpulizia dawa ni kumzidisha. Sisimizi wa Farao ni wa manjano, ana urefu wa milimita 2 hivi, na hupenda kuta zenye joto, hospitali zikiwamo. Kundi lake lina malkia wengi. Likitishwa linagawanyika, kila kipande kinabeba mabuu na kuhamia chumba kingine. Miaka ya 1970 Waingereza walimkabili kwa chambo cha maini, asali na keki, kilichotiwa kemikali ya kuzuia mabuu yasikue. Hakuna aliyeanguka siku hiyo. Wazee walikufa kwa uzee wao na hawakupata warithi.

Chambo kimewahi pia kutumiwa vibaya. Kusini mwa Marekani, dhidi ya sisimizi wa moto, ndege zilimwaga chenga za magunzi ya mahindi zilizolowa mafuta ya soya na sumu iitwayo Mirex. Sumu ile haikuozea udongoni; ilipigwa marufuku nchini humo mwaka 1978. Chambo cha nyumbani kina jambo lake dogo la kuangaliwa: kinywaji kitamu kisicho na rangi hakiwekwi kwenye chupa ya soda, wala kizibo hakiachwi mahali anapotambaa mtoto.

Na si kila kundi linataka sukari. Likiwa na mabuu wengi hutafuta mafuta na nyama, kwa hiyo tone la asali na kipande cha dagaa vikiachwa pamoja usiku mmoja vitaonyesha kundi lile lina njaa ya nini. Siafu hawamo kabisa kwenye hesabu hii. Hao ni wawindaji wasafiri, hawajali kizibo cha sukari. Vijijini watu huwapisha nyumba kwa saa chache, wakirudi wanakuta mende wamekwisha.