Muziki wa kelele waweza kukuua masikio

JE, wewe ni miongoni mwa wale ambao wakiabiri matatu asubuhi hutia spika ndogo za simu masikioni na kufungulia muziki hadi abiria wa kiti cha pili akausikia? Ikiwa ndivyo, makala haya yanakuhusu.

Mtindo huu si mgeni. Ulianza kampuni ya Sony ilipotoa redio ya kaseti aina ya Walkman mnamo 1979. Lakini kaseti ilikwisha baada ya dakika 30 au 45, na betri nazo zikaisha. Simu ya leo hucheza kutwa kucha, na masikio hayapati kupumzika. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa vijana zaidi ya bilioni moja wamo hatarini.

Ndani kabisa ya sikio mna kiungo chenye umbo la konokono. Humo mna seli zipatazo 15,000 zenye vinyweleo, ambazo hugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ujumbe wa kwenda kwenye ubongo. Kelele zikizidi, vinyweleo hivyo hulala kama nyasi zilizokanyagwa. Vikipumzishwa, huweza kuinuka. Vikikanyagwa kila siku, seli hizo hufa. Na kwa binadamu, zikifa hazioti tena.

Nguvu ya sauti hupimwa kwa desibeli. Wataalamu husema sauti ya desibeli 85 isisikilizwe kwa zaidi ya saa nane kwa siku. Kila inapoongezeka desibeli tatu, muda huo hupungua nusu: desibeli 88, saa nne, desibeli 91, saa mbili. Ikifika 100, ni dakika 15 tu. Simu nyingi zikifunguliwa hadi mwisho huweza kufika hapo, na dakika 15 hazitoshi kukutoa Githurai hadi katikati ya Nairobi wakati wa msongamano.

Utajuaje kwamba umeanza kudhurika? Dalili ya kwanza huwa ni mlio kama wa nyenje masikioni, hasa usiku kukiwa kimya. Kisha sauti nyembamba hupotea: unaambiwa "taa" unasikia "saa". Mwanafunzi huanza kumwelewa mwalimu visivyo, na pengine huadhibiwa kwa ukaidi ilhali hasikii.

Ufanye nini basi?

- Usipandishe sauti kupita asilimia 60 ya uwezo wa simu.

- Kila baada ya saa moja, vitoe vifaa hivyo upumzishe masikio.

- Usishindane na kelele za matatu. Ukilazimika kuongeza sauti ili usikie, heri uzime.

- Ikiwa aliye kando yako akizungumza nawe humsikii, punguza.

- Mzazi, wekea simu ya mtoto kikomo cha sauti. WHO hupendekeza watoto wasipite desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki.

- Usitie mafuta wala kijiti sikioni ukidhani ni uchafu.

Mlio ukiendelea, nenda hospitalini ukapimwe. Sikio likiziba ghafla, nenda siku hiyo hiyo, kwani kuchelewa hupunguza uwezekano wa kupona.

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Lako lingali hai; lisikize mapema.