Haya ya Mtungini na Haya ya Kibandani

Neno "ulevi" hutumiwa kana kwamba lina maana moja tu. Wanaoilaumu pombe ya Kisii na Nyamira aghalabu huhesabu chupa; ni nadra waulize imenywewa wapi, na mbele ya nani.

Nilipokuwa mtoto huko Nyamira, nilikuwa nikitumwa kuwapelekea maji ya moto wazee waliouzunguka mtungi wa amarwa, pombe ya wimbi. (Mwanaisimu hajizuii: neno hilo limo katika ngeli ile ile ya maji na maziwa, vitu visivyohesabika kimoja kimoja.) Mtungi ulikuwa mmoja, na kila mzee alikuwa na mrija wake mrefu. Aliyevuta kupita kiasi alionekana na wote. Kijana naye hakuweza kujiachia mbele ya rika la babaye, kwani chinsoni, yaani miiko ya heshima na haya baina ya vizazi, ilimbana. Sidai kwamba wazee wale hawakulewa. Walilewa, na wengine waligombana hadi usiku wa manane. Lakini walilewa mbele ya macho ya watu waliowajua.

Sheria ya mwaka 2010, iliyojulikana sana kwa jina la mbunge Mututho, iliihalalisha chang'aa itengenezwayo kwa leseni. Iliamuru pia baa zifunguliwe kuanzia saa 11 jioni hadi saa 5 usiku siku za kazi, tena zisiwe ndani ya mita 300 kutoka shuleni. Ilipima saa na umbali, mambo yanayopimika. Haya ya mnywaji haina kipimo.

Mwaka jana nilimtembelea mwalimu mmoja niliyesoma naye, anayeishi upande wa Keroka. Alinipeleka katika kibanda cha udongo kisicho na dirisha, nyuma ya soko. Hapana aliyekuwa akizungumza humo. Hapo ndipo nilipotambua kwamba chinsoni haijafa, kama tunavyopenda kulalamika sisi wasomi. Imegeuka tu. Haya iliyompunguzia mzee mwendo penye mtungi ndiyo inayomharakisha mwalimu huyu, anayeogopa kuonwa na mzazi wa mwanafunzi wake. Kwa hiyo hunywa amesimama, kileo kikali kuliko amarwa, bila neno. Walimu wenzangu wanaodhani kwamba kumwaibisha zaidi kutamponya wangalifika pale jioni ile.

Alikuwa amemaliza gilasi mbili kabla sijapata pa kuketi. Kisha akachungulia mlangoni, akaniomba nitangulie barabarani. Yeye angepitia migombani.