Umenyimwa fidia ya kuumia kazini? Piga hesabu kabla ya kupinga

Mpasua mbao wa Maili Kumi, hapa Nakuru, akikatwa na msumeno, jibu la kwanza hulipata kwa bosi: "Huo ni uzembe wako, hakuna fidia." Wengi huishia hapo, wakaamini kwamba wamenyimwa. Kisheria hawajanyimwa chochote. Bosi si mwamuzi, na kampuni yake ya bima pia si mwamuzi. Anayeamua ni Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, ambaye maafisa wake wako jijini Nakuru, na pingamizi huanzia kwenye uamuzi wake. Kabla ya uamuzi huo kazi yako ni kupeleka madai, na Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007, ile tunayoiita WIBA, inakupa miezi 12 tangu siku ya ajali.

Hilo neno uzembe nalo lina mipaka yake. Kinachoweza kukunyima fidia ni utovu wa makusudi, si kusinzia mashineni baada ya zamu ndefu. Na hata utovu huo haukuzuii ikiwa ulemavu uliobaki umefika asilimia 40.

Zamani mtu angepuuza ofisi ya Mkurugenzi na kumshtaki bosi moja kwa moja. Mwaka wa 2009 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu kadhaa vya WIBA, na mawakili wakaendelea kufungua kesi za majeraha kortini kama kawaida. Mahakama ya Rufaa ikageuza uamuzi huo mwaka wa 2017, kisha tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikafunga mjadala: madai yaanzie kwa Mkurugenzi. Kwa hiyo anayepuuza barua ya uamuzi wa Mkurugenzi leo hana njia nyingine ya pembeni.

Barua yenyewe ndiyo ya kusoma kwanza, na kwa utulivu. Kuna barua inayosema jeraha halikutokana na kazi, na kuna inayokubali ajali lakini ikakupa asilimia ndogo ya ulemavu. Hizi ni kesi mbili tofauti kabisa.

Ile ya kwanza, ukinyamaza, unaondoka mikono mitupu. Hapa mimi huegemea upande wa kupinga, mradi kuna ushahidi: mwenzako aliyekuwepo, kitabu cha matibabu cha siku ileile, au ujumbe uliomwandikia nyapara kwenye simu. Wanaosafirishwa kwenda shamba la maua wakumbuke jambo moja linalosahaulika sana. Ukiwa ndani ya gari lililotolewa na mwajiri kukupeleka au kukurudisha, sheria inakuhesabu kuwa uko kazini. Ajali ya lori la shamba barabarani si bahati mbaya yako binafsi.

Ile ya pili inataka kalamu. Fidia ya ulemavu wa kudumu hukokotolewa kwa mshahara wa miezi 96, ukizidishwa kwa asilimia uliyopewa. Chukua mtu wa shilingi 15,000 kwa mwezi. Miezi 96 ni shilingi 1,440,000, kwa hiyo kila asilimia moja ina thamani ya shilingi 14,400. Akipewa asilimia 5 atapata 72,000. Akiamini anastahili 8, anapigania 43,200. Sasa aulize: daktari bingwa atataka pesa ngapi kwa ripoti mpya? Wakili je? Nauli na siku za kibarua atakazopoteza? Kwa tofauti ya asilimia moja, mara nyingi unampigania wakili.

Halafu kuna swali la nguvu ya hoja. Jedwali la Kwanza la WIBA limeorodhesha viungo na asilimia zake. Ikiwa kidole kimekatika na daktari ameandika kidole hichohicho, Mkurugenzi hana nafasi kubwa ya kukuongezea, hata ukilia. Lakini kiuno, mishipa ya fahamu au mkono uliokakamaa ni maoni ya daktari, na maoni hujibiwa kwa maoni ya daktari mwingine. Na hata jeraha lililo jedwalini linaweza kupandishiwa asilimia pale aina ya kazi yako inapofanya madhara yawe makubwa kupita kawaida. Fundi cherehani aliyepoteza ncha ya kidole cha shahada ana la kusema ambalo mlinzi wa lango hana.

Pingamizi huandikwa na kupelekwa ndani ya siku 60. Mkurugenzi anatakiwa kujibu kwa maandishi, akitoa sababu, ndani ya siku 14. Usiporidhika una siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo ina kituo Nakuru. Sheria inasema Mkurugenzi aweza kushikilia au kubadilisha uamuzi wake; haisemi kwamba kubadilisha ni kupandisha tu. Bosi naye ana zile siku 60, kwa hiyo usishangae akipinga kutoka upande wake. Hakikisha nakala yako imepigwa muhuri, na usiache karatasi halisi za hospitali kwa mtu yeyote, awe wakili au binamu yako.

Walio kwenye chama wasianze na wakili. Chama cha wafanyakazi wa mashamba makubwa na kilimo, KPAWU, kina makao yake makuu papa hapa Nakuru, na mwanachama ameshakatwa ada kila mwezi kwa shughuli kama hizi.

Ambaye ningemwambia aache kupinga ni yule aliyepewa asilimia ya jedwali, kidole kimeandikwa sawasawa, mshahara umeandikwa sawasawa, na hana karatasi yoyote mpya. Huyo nguvu zake azipeleke kwenye kudai malipo, kwa sababu kupata tathmini ni jambo moja na bosi kulipa ni jambo lingine, na bosi anayenyamaza baada ya tathmini amewapeleka wengi kortini.