Kurefusha mwendo wa pistoni: motere inapata nguvu, fundi achunge mapafu yake



Wengi kati yenu mnaijua Datsun 240Z, ile motokari ya michezo yenye pua ndefu iliyotoka Japani kuanzia mwaka 1969. Ilishinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1971, ikiendeshwa na Edgar Herrmann, tena mwaka 1973, ikiendeshwa na Shekhar Mehta. Leo ni mali ya zamani inayotafutwa sana, na wengine walio nayo hawaridhiki na nguvu iliyotoka nayo kiwandani. Wanafungua motere na kuirefushia mwendo wa pistoni. Kazi hiyo hufanyika zaidi nyumbani, siku ya posho na siku ya Mungu, ndani ya garaji ndogo, pasipo mkubwa wa usalama wa kuangalia. Ndiyo sababu ninaiandika kwenye ukurasa huu.

Nguvu inatoka wapi? Motere inachoma esansi pamoja na hewa. Ukitaka nguvu zaidi bila kuizungusha mbio zaidi, lazima uipe nafasi ya kuvuta hewa nyingi. Unaweza kupanua silindri, ao kurefusha njia ambayo pistoni inapita toka chini mpaka juu. Motere L24 ya 240Z ina silindri sita zenye upana wa milimeta 83 na mwendo wa milimeta 73,7: jumla sentimeta za ujazo 2393. Mkubwa wake, L28, ina 86 kwa 79, inafika 2753. Sasa, Nissan ilitengeneza pia motere ya mazutu ya jamaa hiyohiyo, LD28, na vilebrekeni yake, yaani kile chuma kilichopindwapindwa kinachogeuza panda-shuka ya pistoni kuwa mzunguko, inatoa mwendo wa milimeta 83. Mafundi wanaitia ndani ya bloki ya L28, wanapanua silindri mpaka 89, na wanapata 3098. Kitu cha gari la mazutu kinakwenda kukimbiza gari la michezo! Lakini si kila bloki inayo ukuta wa kutosha kwa 89. Mwenye akili anapima unene wa ukuta kwanza, ndipo anatoboa.

Hesabu yenyewe ni ya milimeta chache tu. Mwendo ukitoka 79 mpaka 83, pistoni inapanda milimeta 2 zaidi na kushuka milimeta 2 zaidi. Toka katikati ya vilebrekeni mpaka uso wa juu wa bloki ni kama milimeta 208. Ukitumia biele ndefu ya L24, milimeta 133, na nusu ya mwendo, 41,5, umekwisha kula 174,5. Pistoni inabakiwa na kama 33 juu ya pini yake. Ile ya zamani ya L28 inazidi 38. Ukiirudisha hiyo, itatokeza juu ya bloki na kugonga kulasi. Ndiyo maana pistoni lazima ziwe fupi. Tena, kwa mizunguko 7000 kila pistoni inasimama na kugeuka mara 14000 kwa dakika moja, na nguvu inayovuta biele inaongezeka sawasawa na mwendo, karibu sehemu 5 kwa mia. Bulo ya biele iliyochoka haitakuhurumia. Weka mpya.

Mbele ya kufunga karteri, zungusha motere kwa mkono, polepole, mizunguko miwili kamili, ukiangalia kama biele haigusi bloki. Usiizungushe kwa umeme. Na mwenzako asitie kidole ndani «kusaidia»: vidole vya namna hiyo ninavifunga mara nyingi kuliko ninavyopenda. Kama biele inagusa na inabidi kusaga chuma kidogo, vaa miwani iliyofunika pembeni. Chembe ya chuma ikiingia jichoni, usisugue, wala rafiki asiitafute kwa ncha ya kitambaa. Funika jicho, uje kwa dispanseri.

Kuna jambo la esansi. Tuseme nafasi inayobaki juu ya pistoni ni sentimeta za ujazo 50. Silindri ya L28 ina 459, kwa hiyo inakandamiza mara 10,2. Silindri yetu mpya ina 516, inafika 11,3. Esansi ya kawaida inaweza kushindwa hapo, ikalipuka kabla ya wakati wake na kupasua pistoni. Wengine basi wanatafuta esansi ya ndege. Mjue kwamba esansi ya motokari yenye risasi ilikwisha duniani mwaka 2021, lakini ile ya ndege inayouzwa zaidi bado inayo, hadi karibu nusu gramu kwa lita. Dawa hiyo ya risasi inapita hata katika ngozi. Anayeoshea vyuma kwa esansi hiyo, ao kuivuta kwa mdomo na mpira, anajitia sumu, na nguo zake zinaipeleka kwa watoto. Afadhali kupunguza mkandamizo.

Sasa tufike kwenye saa ya hatari kubwa, ile ya furaha: kuwasha mara ya kwanza. Nondo mpya yenye vinundu vinavyofungua supape inahitaji kuzoezwa dakika 20 hivi, kwa mizunguko karibu 2000, bila kuzima. Fundi ameinama juu ya motere, anasikiliza, anaogopa kuzima asiharibu kazi ya miezi. Mlango umefungwa kwa ajili ya majirani.

Tupige hesabu. Garaji ya meta 3 kwa 6, na kimo cha 2,5, ina lita 45000 za hewa. Tuseme motere inatoa lita 1000 za moshi kwa dakika, na ndani yake sehemu 5 kwa mia ni monoksidi ya kaboni. Nyuma ya dakika tatu tu, hewa ya garaji inayo 0,3 kwa mia, kiasi kinachoweza kuua mtu ndani ya nusu saa, na kinazidi kupanda. Gesi hiyo haina harufu wala rangi. Damu inaishika zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa kinauma, tumbo linachafuka, magoti yanalegea. Fundi anafikiri ni njaa ao usingizi.

Basi sukuma gari nje kabisa mbele ya kuwasha. Mlango wazi hautoshi. Ukimkuta mtu ameanguka, shika pumzi, zima motere kama ufunguo uko karibu, mvute nje, ndipo uite watu. Mtume hospitali hata kama ameamka na anacheka. Katika hewa ya kawaida damu inahitaji saa 4 ao 5 kutoa nusu ya gesi. Kwa oksijeni ya barakoa, kama saa moja na nusu. Na ile mashine ndogo inayobanwa kwenye kidole isimdanganye mtu: haitofautishi gesi hiyo na oksijeni, inaweza kuonyesha namba nzuri kwa mgonjwa anayekufa. Mwambieni munganga wazi kwamba motere ilikuwa inawaka, na kwa dakika ngapi.